Bahasha ya Kanombe Iliyokwenda Kamembe

Marafiki zangu wa Ngara, na nyinyi mliohamia Mwanza na Kahama, mmenipigia simu mmoja baada ya mwingine mkiuliza kama niliyowaambia ni kweli au nilikuwa nimechanganywa na msiba. Ni kweli. Nilikwenda Kamembe kufuata bahasha, nikakuta uwanja mzima wa watu wanamlilia kaka yangu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Nimeisimulia vipande vipande mpaka nimechoka, na kila mnaponiuliza "halafu?" najikuta mimi mwenyewe nashangaa upya. Sasa naiandika yote, tangu mwanzo.

Kanombe

Damasceni mnamkumbuka wengi wenu. Habimana Damasceni, kaka yangu, yule aliyekuwa akitufundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko wa kanisani kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Baadaye akawa dereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Majira haya ya mvua alishikwa na homa ya mapafu akiwa barabarani, akalazwa katika hospitali ndogo ya Zambia karibu na mpaka, na hakutoka. Aliyenipigia simu ni dereva mwenzake, Mtanzania, Mzee Shabani. Aliniambia wamemzika wao wenyewe, madereva wachache waliokuwapo, kwa sababu hospitali haikuwa na mahali pa kumweka na mizigo yao ilikuwa inasubiriwa.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Naishi naye hapa Kanombe, nyuma ya uwanja wa ndege. Alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua.

"Nani amemwona?" aliniuliza. Mama huongea Kinyarwanda. Hapa namwandika kwa Kiswahili.

"Mzee Shabani, mama. Alikuwa naye."

"Simjui Shabani. Simu husema anachotaka aliyeishika. Nileteeni kitu cha kushika."

Majirani walipokuja kutupa pole, aliwapa chai akawaambia Damasceni yuko safarini. Hakutaka viti vitolewe nje. Hakutaka misa isomwe. Siku zikawa zinapita, mama anakwenda sokoni, mama anacheka na watoto wa jirani, na mimi nalia kazini, jikoni pale uwanja wa ndege tunapopika chakula cha abiria, ili asinione. Nimeona watu wakizimia misibani, nimeona waliorukwa na akili. Lakini mtu aliyekataa katakata kufiwa sikuwa nimemwona, na alinitisha kuliko wote.

Nikamwomba Mzee Shabani atutumie cheti cha kifo chenyewe, chenye mhuri. Akasema atakituma pamoja na rozari ambayo mama alimpa Damasceni alipoanza kazi ya lori. Aliikabidhi bahasha kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Tukangoja. Nilipoona kimya kimezidi, nikaenda ofisini kwao mjini.

Binti wa mapokezi alitazama kompyuta yake, akatabasamu.

"Bahasha yako iko imefika, madamu."

"Imefika wapi?"

"Kwa familia. Iko na sahihi."

"Familia ndiyo mimi. Sijatia sahihi yoyote."

Akatazama tena. "Familia ya Habimana. Kamembe. Karibu na uwanja wa ndege."

"Mimi nakaa Kanombe!"

"Yego, ndiyo, madamu. Kamembe."

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Ninyi msioijua Rwanda, Kanombe iko hapa hapa Kigali, na ndipo ndege kubwa zinapotua. Kamembe iko mwisho wa nchi upande wa magharibi, ukivuka mto uko Bukavu, Kongo, na bahati mbaya nayo ina kiwanja chake kidogo cha ndege. Mzee Shabani alikuwa ameandika kwa mkono, namba yangu ya simu ikalowa mvua, na mtu fulani njiani akasoma alivyosoma. Kule Kamembe mletaji akauliza kwa Habimana ni wapi. Akina Habimana Rwanda ni wengi mno. Akaonyeshwa nyumba.

"Basi waambieni wairudishe," nilisema.

Binti alipiga simu tawi la kule. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena, uso ukibadilika.

"Wamekataa, madamu. Wamesema bahasha iko yao. Na mtu wetu asirudi tena pale."

Watu gani wanaiba cheti cha kifo? Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa nimeipata tangu Damasceni afariki. Nilimwomba jirani yetu Asumpta akae na mama, nikamdanganya mama kwamba natumwa na kazi, na alfajiri nikaondoka.

Nyabugogo hadi Huye

Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, kabla sijasema neno, mchukuzi alikuwa ameshaninyang'anya mkoba na anakimbia nao kuelekea mabasi ya Kampala. Nilimkimbiza nikipiga kelele, "Kamembe! Kamembe!" Akasimama, akanitazama kwa huruma.

"Kanombe? Mama, si panda basi la mjini tu hapo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi bahasha yetu ilivyopotea. Kama mtu anayenisikia uso kwa uso anachanganya, aliyesoma maandishi yaliyolowa angefanya nini?

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyepanda na maboksi manne yenye matundu. Maboksi yalikuwa yanalia. Alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu, amenunua vifaranga Kigali na anawapeleka kwao. Maboksi mawili aliyaweka miguuni kwake, mawili miguuni kwangu, bila kuniuliza.

"Dada, usikanyage. Hizi ziko mtaji wangu."

Tulipanda milima ya Muhanga, tukapita Ruhango, jua likatoka. Huye tulisimama, nikala ndizi na maharage na mchicha, chakula cha kwanza nilichokimaliza tangu simu ile ya Zambia. Mama Furaha alikula huku anasimama kila baada ya matonge mawili kwenda kuchungulia maboksi. Aliponiuliza ninakwenda kufanya nini Kamembe, nilimweleza yote, na sauti ikapanda mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Nilisema nitakwenda na polisi. Nilisema watu hao hawana utu.

Mama Furaha alijifuta mdomo.

"Karatasi ya kifo, mtu atakatala kurudisha juu ya nini? Haiuzwi, hailiwi. Labda nao wako na mtu wao."

"Mtu wao gani?"

"Sijui mimi. Nauliza tu."

Sikumjali. Hasira ilikuwa imenibeba vizuri, sikutaka kushuka.

Nyungwe

Baada ya mashamba ya chai ya Kitabi barabara inaingia msituni, na huko baridi haina mzaha. Tulikuwa tumeshakwenda mbali kidogo gari lilipopunguza mwendo, likasimama. Mbele yetu mlima ulikuwa umeshuka barabarani: udongo mwekundu, mawe, mti mzima na mizizi yake. Upande wa pili wa kifusi tuliona taa za magari yanayotoka Kamembe. Dereva alizima injini akasema tunangoja katapila.

Tulingoja. Ukungu ukaingia kupitia madirisha. Nyani walikaa kando ya barabara wakitutazama kama wenye nyumba wanavyotazama wageni wasioalikwa. Saa za mchana zilikuwa zinakwisha, na sauti kutoka kwenye maboksi ilikuwa inapungua. Mama Furaha alifungua boksi moja akapiga ukelele. Vifaranga walikuwa wamelala wakirundikana pembeni, baadhi hawatikisiki.

"Wanakufa na baridi! Jamani, munisaidie!"

Sikutegemea kilichofuata. Watu wa basi lile, ambao tangu Kigali hawakuwa wamesemezana, walianza kunyoosha mikono. Mwalimu mmoja alifungua koti lake akaweka vifaranga kifuani. Bibi mmoja aliwafunga kwenye mtandio. Mimi nilipewa sita, nikawaweka chini ya kitenge, juu ya tumbo. Mwanzoni walikuwa baridi kama kokoto. Kisha mmoja akaanza kunidonoa.

Tulikaa hivyo, basi zima kimya, kila mtu akiwa ameinamisha kichwa anatazama ndani ya nguo zake. Mama Furaha alipita kiti hadi kiti akiuliza, "Wako wazima?" kama muuguzi wodini. Waliokufa walikuwa wachache. Katapila lilipofungua njia na basi likaanza kushuka, nilimrudishia sita wake, nikajihisi tumbo tupu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kidogo maneno yake ya Huye.

Kamembe

Ziwa Kivu lilikuwa limeanza kuwa la rangi ya risasi tulipofika. Mama Furaha alikimbilia mpakani kabla hakujafungwa, akiniagiza nile sambaza kabla sijagombana na mtu, maana dagaa hao wa ziwani, alisema, hutuliza moyo. Sikula. Nilichukua pikipiki.

"Nipeleke kwa Habimana, karibu na uwanja wa ndege," nilimwambia motari, dereva wake.

"Kwa Habimana kwenye kilio?"

"Kilio cha nani?"

"Cha kijana wao. Damasceni. Alifia Zambia, karatasi ilikuja." Akaniangalia kwenye kioo. "Mama, shika vizuri. Unaanguka."

Sijui nilishika nini. Kwa muda nilifikiri nimeota, kwamba motari huyu amesoma mawazo yangu. Alipozima pikipiki nikaona turubai la bluu, mabenchi, watu wengi mno, na kwaya imesimama inaimba. Mbele ya mlango, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kulikuwa na picha ya kijana mwembamba anayetabasamu. Simjui. Chini ya picha wameandika kwa herufi nzuri: Habimana Damasceni.

Na pembeni ya picha, rozari ya mbao. Rozari ya mama.

Hasira yote niliyosafiri nayo iliniishia pale pale. Nilisimama katikati ya watu, machozi yakaanza kunitoka yenyewe. Mwanamke mmoja alinishika mkono akaniuliza taratibu kwa Kinyarwanda mimi ni nani, na marehemu ni nani kwangu. Nilitaka kusema ni ndugu yangu. Sauti ilikatika katikati. Nilichofanikiwa kusema ni, "Ni wangu."

Mmeshaelewa kilichotokea: walidhani nasema ni mume wangu. Minong'ono ilikimbia kwenye mabenchi kama moto wa nyasi. Kwaya ikapoteza ubeti. Mzee mmoja mrefu aliyevaa suti ya kahawia, Mzee Aloizi, baba mdogo wa kijana wa kwenye picha, alinichukua akanipeleka nyuma ya jikoni, mbali na masikio.

"Sasa nimejua," alisema, akitikisa kichwa. "Sisi hapa ni Waprotestanti tangu babu zetu. Tumekaa tunajiuliza rozari ilitoka wapi. Wazee wa kanisa walikuwa hawataki hata kuimba. Kumbe ni wewe uliyemgeuza Mkatoliki!"

"Mzee, mimi siyo..."

"Muko na watoto?"

"Mimi ni dada yake!"

"Damasceni hana dada. Namjua tangu tumboni."

Nilitoa simu, nikamwonyesha picha ya kaka yangu ameegemea lori, tumbo mbele, kofia nyuma. Mzee aliivuta karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu ni nani?"

"Ni Habimana Damasceni. Kaka yangu. Dereva wa lori. Bahasha hiyo ilikuwa inakuja kwetu, Kanombe."

Aliingia ndani akarudi na cheti. Kilikuwa mikononi mwake, na mimi nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza. Nikamwonyesha kwa kidole: umri, miaka arobaini na moja. Kijana wao ana mingapi?

"Ishirini na tisa. Tulisema Wazambia wamekosea."

Kazi: dereva. Kijana wao anajua kuendesha?

"Hata baiskeli hajui. Tulisema amejifunza huko."

Kijana wao anafanya kazi kwenye mashamba ya Zambia. Huwa anapiga simu Jumapili, na Jumapili zilizopita hakupiga. Walipompigia hakupatikana. Kijana mwingine wa Kamembe aliye huko aliwaambia Damasceni amehama shamba, hajamwona. Halafu mtu wa vifurushi akabisha hodi na karatasi yenye jina lake. Wangewaza nini kingine? Ukishaanza kulia husomi tena umri.

Lakini Mzee Aloizi alikuwa mtu wa kufikiri, na akauliza swali ambalo mpaka leo linanizindua.

"Na wewe, una hakika gani aliyekufa ni wako? Umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa na simu tu, ya mtu anayeitwa Shabani. Najua, najua: Mzee Shabani alisafiri naye miaka mingi, alimfunga sanda kwa mikono yake. Rozari ilikuwa mezani. Hakukuwa na shaka yoyote. Lakini tamaa ilinishika. Kama kuna Damasceni wawili na cheti kimoja, kwa nini awe wangu?

Wakampigia simu yule kijana mwenzake kule Zambia, wakamsihi aende mwenyewe mpaka shamba jipya, hata kwa baiskeli, amtafute Damasceni kwa macho yake. Akasema atakwenda. Tukaingia sebuleni kungoja.

Hapo ndipo nilipomwona mama wa nyumba ile, Konsolata. Amekaa chini kwenye mkeka, mdogo wa umbo, sauti imemkauka kwa kulia. Walimweleza kwa uangalifu, nusu nusu, kwamba huenda kuna kosa. Alinitazama, nami nikamtazama. Simu ya Mzee Aloizi ikawekwa juu ya mkeka katikati yetu.

Nawaambia jambo ambalo sikuwaambia kwenye simu. Nilianza kuomba simu ile isiite. Ikiita na sauti ya mwanawe ikatoka, basi kaka yangu amekufa, imekwisha. Ikikaa kimya, bado kuna mwanya. Nilikaa pale kwenye nyumba ya watu, nimepewa chai yao, namwombea mtoto wao awe amekufa. Nilipojigundua nilikiweka chini kikombe chao. Na macho ya Konsolata yalikuwa juu yangu. Nadhani alijua, maana yeye alikuwa anaomba kinyume chake.

Simu iliita.

Mzee Aloizi aliiweka sauti ya juu. Upepo, baiskeli, mtu anahema. Kisha sauti ya kijana, ya mtu aliyeamshwa usingizini:

"Mama? Kuna nini? Simu yangu iliingia maji. Huyu ananiambia nimekufa."

Konsolata aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mzee Aloizi ndiye aliyepiga kelele, na kelele ile ikatoka nje kupitia dirishani, na nje uwanja mzima ukalipuka. Vigelegele. Makofi. Watu wanaruka, wanakumbatiana, mabenchi yanapinduka. Kwaya ilianza wimbo mwingine, wa haraka, na ngoma ikapigwa. Kijana mmoja alikuja mbio akavua jaketi, akalitundika mlangoni. Lilikuwa la Damasceni wao, alikuwa amerithishwa. Kwenye simu sauti ilikuwa inauliza, "Mmegawa nguo zangu?"

Na mimi nimesimama ukutani na cheti cha kaka yangu mkononi. Walikuwa wanacheza kwa sababu aliyekufa ni wa kwangu. Hawakuwa na ubaya wowote. Ningekuwa wao ningecheza vilevile. Lakini masikio yangu hayakuweza kuzipokea zile ngoma. Sijawahi kuwa mpweke hivyo.

Sijui ilipita muda gani. Niliona Konsolata amesimama mlangoni, ameinua mkono. Alikuwa na sauti ndogo, lakini ngoma iliacha.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Humu ndani bado kuna msiba."

Akarudi, akachukua rozari kutoka mezani, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaketi kando yangu akanipa pole kama tunavyopeana Rwanda, "Mwihangane," na ndiyo mara ya kwanza mtu aliniambia neno hilo tangu kaka yangu afariki na mimi nikaweza kuitikia. Tulilala chumba kimoja.

Kurudi

Asubuhi nilipotoka kwenda kupanda basi, nilimkuta Konsolata uani amevaa mushanana, vazi letu la heshima la kufunga begani, ana kikapu kimefunikwa.

"Unakwenda wapi, mama?" nilimuuliza.

"Kwenu."

Mzee Aloizi alikuwa nyuma yake, anapinga. Mwanao amefufuka jana, alimwambia, watu wanakuja kukupongeza, wewe unaondoka? Konsolata alijibu bila kugeuka.

"Nimemlilia mtoto wa mtu mwingine siku zote hizi. Nimempokelea pole zake. Siwezi kukaa nazo."

Njiani msitu ulikuwa wazi, wafanyakazi wanasomba udongo uliobaki. Konsolata hajazoea safari, alitapika mara mbili kwenye kona za Nyungwe, akaomba radhi kwa kila mtu. Alipopata nafuu alianza kuniuliza habari za Damasceni wetu. Alikuwa anapenda kula nini? Alikuwa mpole au mkali? Alikuwa na mke? Nilimwambia alioa, wakaachana, hawakujaliwa mtoto. Nilimwambia alikuwa mbishi, kwamba alidai ugali wa Rwanda haujui kuiva, kwamba akipata mzigo wa Kigali alikuwa akipiga honi namna fulani mbele ya nyumba yetu hata usingizini unamjua.

"Ngoja," alinikatiza. "Alikuwa mnene?"

"Sana."

"Mimi nilikuwa namlilia mwembamba." Akaliwaza hilo akitazama nje. "Basi nianze upya."

Huye nilinunua ndizi choma, hakuzigusa. Alikuwa amebeba sambaza wakavu kwenye kikapu, zawadi ya mama yangu, na harufu yake ilifanya abiria wageuke. Hakujali. Karibu na Kigali aliniuliza kama mama yangu anajua kwamba anakuja. Nikamwambia mama yangu hajui hata kwamba mwanawe amekufa, au anajua ila hataki. Nilimweleza maharage, chai, viti visivyotoka. Konsolata akasema kitu kimoja tu: mwenye akili kati yao wawili ni mama yangu, maana yeye Konsolata aliamini karatasi siku ile ile.

Nyumbani

Tulifika Kanombe jua likiwa bado juu. Mama alikuwa barazani na Asumpta. Alimtazama Konsolata, akatazama mushanana yake, akajua huyo siyo mgeni wa kawaida.

Nilipiga magoti nikampa cheti. Mama hajui kusoma Kiingereza. Aliupapasa mhuri kwa kidole gumba, akakiweka pembeni. Nikampa rozari. Aliishika, akahesabu punje chache kama mtu anayehakikisha hazijapungua, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilikuwa nimekwenda mpaka mwisho wa nchi, nimeleta kitu cha kushika, na bado hakulia.

"Wewe ni nani?" alimuuliza Konsolata.

Konsolata aliketi chini, jambo ambalo Asumpta alijaribu kulizuia. Akaeleza. Hakuremba. Bahasha ilikuja kwangu kwa makosa, mama. Nina mtoto mwenye jina hilo. Nilidhani ni wangu, nikaweka kilio.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Uliweka kilio."

"Ndiyo, mama."

"Watu walikuja?"

"Uwanja ulijaa. Wengine walikaa barabarani."

"Waliimba?"

"Kwaya mbili. Walibishana kwanza kwa sababu ya rozari, kisha wakaimba. Waliimba kila siku mpaka jua linazama."

Mama alikuwa anapumua kwa nguvu sasa. Nilitaka kumshika, Asumpta akanizuia.

"Walisema kwenye simu," mama alisema, na ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba aliyasikia yote siku ile ya maharage, kila neno. "Walisema amezikwa na watu wachache, kando ya barabara, wana haraka ya mizigo. Mwanangu. Kama mtu asiye na kwao. Mimi nilisema, kama ni hivyo basi bado hajafa."

Akamshika Konsolata kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Macho ya Konsolata yalikuwa bado yamevimba.

"Machozi haya ni ya kwake?"

"Ni ya kwake, mama. Mwanangu nimerudishiwa."

Mama alifungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuijua. Majirani waliisikia mpaka ng'ambo ya barabara, wakaja wanakimbia. Hakuna aliyewaambia cha kufanya. Walianza kutoa viti nje.